Vida, si Vita

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote za utoto wangu haikuwa sauti ya mtu. Ilikuwa sauti ya redio isiyokamata kitu: shiii ndefu isiyopumua, kama mtu anayekaanga samaki nyumba ya tatu, mafuta yamepata moto sawasawa na mpishi mwenyewe kaenda kuzungumza na jirani. Ukiisikiliza kwa muda mrefu inaanza kukuchezea. Unadhani umesikia jina lako, unainua kichwa, kumbe ni shiii ile ile. Redio yenyewe ilikuwa ndogo, imefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli ili kifuniko cha betri kisidondoke, na betri zake zilikuwa zimekwisha zamani. Zilianikwa juani kila asubuhi, kando ya dagaa wa watu, zipate nguvu kidogo ya kutufikisha alasiri. Mgongoni mwake ulitoka waya mwembamba wa shaba, ukapanda mnazi mmoja, ukavuka hewani, ukafungwa kwenye mnazi wa pili. Chini ya waya huo ndipo nilipokuwa nakaa, magoti kifuani, kanga ya Bibi kichwani, msimu ule tuliofungika kisiwani Makaloe.

Ukikiona Makaloe huwezi kudhani ni mahali pa kumfunga mtu. Ni kisiwa kidogo jirani ya Vamizi, mchanga mweupe, minazi na vichaka, na zamani kilikuwa dago tu: wavuvi walipiga kambi, wakakausha samaki wao, wakaenda zao. Kisha vita vikaja bara. Sitaki kueleza vilivyokuja, maana kila mtu wa kwetu ana yake, na adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Niseme tu kwamba kijiji chetu kiliungua, na mimi nikavushwa na Bibi, mama yake baba, pamoja na binamu yangu Atija, tukiwa tumekaa juu ya ndoo na magodoro ya watu. Baba na mama hawakuwepo. Walikuwa wamevuka Rovuma kumpeleka mdogo wangu hospitali huko Mtwara, na njia ikafungwa nyuma yao. Wao huko, sisi huku, na katikati minara ya simu imeanguka, hakuna rede. Hivyo ndivyo tunavyouita kwetu mtandao wa simu, rede, kwa Kireno, neno lile lile la wavu wa kuvulia samaki. Msimu ule wavu huo haukunasa chochote.

Wazee walikubaliana jambo moja ambalo mpaka leo nikiwaeleza watu wa Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, hawaniamini: kisiwa kijifanye hakina watu. Moto wa kupikia uliwashwa alfajiri tu, ukazimwa kabla jua halijauonyesha moshi wake. Mwadhini aliadhini kwa sauti ya mtu anayemwamsha mgonjwa. Watoto wachanga walinyonyeshwa hata wasipokuwa na njaa. Kuku majike waliachwa, lakini majogoo wote walichinjwa, maana jogoo hajui siri. Ilifungwa harusi moja msimu ule, na ulipofika wakati wa vigelegele wanawake wakajiziba midomo kwa kanga, mabega yakitikisika, na bibi harusi akalia, nadhani si kwa furaha. Tulikuwa mamia ya watu kwenye kile kipande cha mchanga, na wote tunanong'ona. Mtu aliyetazama kutoka bara angeona minazi tu.

Nilikuwa darasa la tano, yaani ndilo nililokuwa nasoma kabla shule haijaungua. Kila maji yalipokupwa nilitembea hadi ncha ya kaskazini, nikatazama upande ambao watu walisema ndiko Tanzania. Haionekani. Nikarudi kwa ufuko wa pili, nikafika pale pale nilipoanzia, na mchana ulikuwa bado mzima, haujaguswa. Maji ya kifuuni bahari ya chungu, walisema wahenga. Basi mimi nilikuwa chungu aliyekwisha kukizunguka kifuu, nikazijua kuta zake zote. Harufu za samaki na mkojo na maganda ya madafu yanayooza zilikuwa zile zile kila siku. Kisima kilikuwa kimoja, maji yake yanatia chumvi, na foleni yake ndiyo ilikuwa soko letu na mahakama yetu. Kama hujawahi kuona wanawake wawili wakitukanana kwa kunong'ona, basi hujaona ajabu. Bibi alikuwa hodari sana wa mchezo huo. "Mwone na ndoo lake," aliweza kusema taratibu kama anasali, "pana kama kaburi la punda, na halijai." Mwenzake akajibu kwa upole vile vile, na sisi watoto tukabana mbavu.

Katika watu waliovushwa na mkumbo ule alikuwemo Profesori Anselmo. Kwetu, mwalimu ni yule wa chuo, anayekufundisha Kurani. Wa shule ya serikali ni profesori. Huyu alikuwa Mmakua wa bara huko Nampula, serikali ilikuwa imemleta pwani kufundisha sayansi, akakimbia pamoja na waliokimbia, kiatu kimoja mguuni, redio kwapani. Kiswahili chake alikuwa amekiokota kwa watoto, kwa hiyo kilikuwa Kiswahili cha mtoto mdogo mwenye ndevu. Kireno chake alikijua sana, lakini nacho kilituchekesha, kwa sababu Kimakua hakina d wala b, na ulimi wake haukukubali kuzijifunza ukubwani. Bom dia, ile salamu ya asubuhi anayoijua hata asiyejua neno jingine la Kireno, kwake ilikuwa "pom tia." Tulimvizia asubuhi anapotoka kunawa uso, tukamsalimu mmoja mmoja, kusudi tuhesabu atasema pom tia ngapi. Hakukasirika hata siku moja. Alimjibu kila mtoto, na aliyesalimu mara ya pili alijibiwa mara ya pili. Sasa nikiwa mkubwa, ninaposikia watu wa Maputo wakituiga sisi wa pwani tunavyosema Kireno, namkumbuka, na naona alikuwa na moyo mpana kuliko wangu.

Alikuwa akitukusanya nyuma ya ghala la nyavu, mchanga akaufanya ubao. Siku moja Atija alimwuliza kwa nini anaiacha redio kwenye shiii badala ya kutafuta stesheni yenye muziki. Akatueleza, nusu Kireno nusu Kiswahili, kwamba sehemu ndogo ya ile shiii haitoki duniani, inatoka juu, kwenye nyota. Na kwamba ziko nchi ambako watu wamejenga masahani makubwa ya chuma, mengine yangefunika uwanja mzima wa mpira, na kazi yao ni kusikiliza kelele hiyo, wakitafuta ndani yake sauti iliyopangwa, ambayo upepo na nyota haziwezi kuipanga zenyewe. Wakiipata watajua kwamba huko mbali kuna mwenye akili kama sisi. Akachukua kijiti, akaandika mchangani: vida inteligente. Uhai wenye akili. Kisha akayasoma maneno yake mwenyewe, na mdomoni mwake yakawa "vita intelishente." Tukacheka, viganja midomoni.

"Wamewasikia?" Atija aliuliza.

"Bado."

"Na wanasikiliza tangu lini?"

"Tangu mimi sijazaliwa."

Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Hata leo jina langu likiitwa darasani najificha nyuma ya mwenzangu. Lakini siku ile neno lilinitoka lenyewe, nikinong'ona, na kwa kuwa kisiwa kizima kilikuwa kinanong'ona halikuonekana la mwenye haya. "Labda nao wamechinja majogoo," nilisema. Profesori akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akanitazama mimi, akatazama bara, akaufuta mchanga kwa kiganja ingawa somo lilikuwa halijaisha.

Tangu hapo nikawa mwenzake wa kusikiliza. Ila niseme kweli, watu wa kwenye nyota hawakuwa haja yangu. Haja yangu ilikuwa hii: alasiri, betri zikiwa zimeota jua vya kutosha, Profesori alikizungusha kile kitufe polepole kama anamkanda mtoto, na redio moja ya upande wa Tanzania ikaibuka kutoka kwenye shiii, ikasema maneno mawili matatu, ikazama. Na saa hiyo ndiyo ilikuwa saa ya salamu. Salamu zimfikie mama mkubwa wa Masasi. Zimfikie shemeji wa Lindi, mwambieni ng'ombe amezaa. Nilijua wazazi wangu wako Mtwara. Nilijua mama hapiki bila redio. Kwa hesabu yangu ya kitoto ilikuwa lazima siku moja tutajwe: Bibi, Zena na Atija, popote walipo, wajue sisi wazima. Profesori hakuniuliza, lakini alijua. Ikifika saa ya salamu aliiweka redio karibu na sikio langu, na yeye mwenyewe akaushika waya kwa vidole viwili, maana ukishikwa sauti ilipanda kidogo. Alikaa hivyo, mkono juu, mpaka salamu zikaisha au betri zikafa. Mara nyingi betri ndizo zilizotangulia.

Ulimi hauna mfupa, na wa Atija haukuwa na hata ngozi. Akiwa kwenye foleni ya maji na Bibi, akaanza kusimulia kwamba Profesori anatafuta vita intelishente mbinguni. Alilisema neno vile vile alivyolisikia, kwa sababu kuuiga ulimi ule wa Kimakua ndiyo ilikuwa raha yake.

"Vita gani?" Bibi aliuliza.

"Intelishente, Bibi. Vyenye akili."

"Vita vyenye akili!" Bibi akaitua ndoo. "Hivi visivyo na akili vimetumalizia nyumba, yeye anatafuta vyenye akili avipeleke wapi?"

Bibi alikuwa anatania. Lakini foleni ilikuwa ndefu, masikio mengi, na watu hawakuwa na jambo jipya la kutafuna. Neno liliondoka kisimani likiwa mzaha, likafika kwenye mitumbwi bila mzaha, na lilipofika msikitini lilikuwa limeota mkia. Kwamba ule waya unaita helikopta. Kwamba yule Mmakua anazungumza na wale wa msituni waliotuchomea vijiji, ndiyo maana hatafuti muziki. Kwamba nani anajua ukoo wake? Nani alimwona akizaliwa? Lisemwalo lipo, watu waliambiana, na hakuna aliyejisumbua kwenda kumwuliza mwenyewe. Aliyelibeba neno kwa nguvu kuliko wote ni Amisse, kijana mkubwa wa zamu ya kulinda ufuko. Kaka yake alikuwa amepotea huko bara na hakuna aliyejua kama ni mzima au mfu. Simlaumu Amisse. Mtu aliyepotelewa anataka pawe na mtu wa kumshika. Shauri lake lilikuwa Profesori apakiwe kwenye mtumbwi, arudishwe bara, "akavitafute huko huko vita vyake." Na bara kulikuwa na nini wakati ule, hata sisi watoto tulijua. Kumrudisha mtu bara ilikuwa kumwua bila kujitia damu mkononi.

Mkutano ulifanyika baada ya sala ya alasiri, ndani ya lile ghala la nyavu, ili wanaume wengi waliokusanyika wasionekane kutoka baharini. Wanawake tulisimama mlangoni. Joto lilikuwa la kuchemsha maji, na nyavu zilizotundikwa juu yetu zilidondosha magamba makavu vichwani mwa watu. Chefe, yaani mkuu wa kisiwa, Mzee Shabani, alikuwa mtu wa maneno machache, na aliuliza moja kwa moja.

"Profesori, watu wanasema unatafuta vita. Kweli au uongo?"

Uso wa Profesori ukang'aa. Nadhani aliona kwamba hatimaye watu wazima wametaka kusoma. "Kweli!" akasema. "Mimi tafuta vita. Siku nyingi mimi tafuta."

Watu wakaguna.

"Vita vya wapi?" Amisse akauliza.

"Vita ya mbali. Juu kule. Vita kubwa, akili mingi." Akanyoosha kidole kwenye paa la makuti. "Siku moja itakuja. Mimi ngoja tu."

"Mnamsikia?" Amisse akawageukia watu. "Mnamsikia kwa masikio yenu? Anavingoja!"

Waliokijua Kireno vizuri walikuwemo mle, wawili watatu, na nina hakika walielewa. Niliwaona wakitazama vidole vya miguu yao. Nani angemtetea mgeni siku ile, kisha kesho aulizwe yeye ni wa nani? Profesori naye alikuwa ameanza kuona kwamba nyuso si nyuso za wanafunzi. Alitabasamu bado, lakini lile tabasamu lilibaki peke yake mdomoni, macho yameshaliacha. Nilimvuta Bibi kanga nikamwambia sikioni kwamba si vita, ni neno jingine. Nilitaka yeye aseme. Bibi akanong'ona bila kunitazama, "Mimi wataniambia nimezeeka. Wewe ndiye unayejua kusoma." Kisha akanifinya chini ya kwapa, finyo ambayo hata sasa naisikia, nikajikuta nimeruka hatua moja ndani ya ghala, mbele ya wanaume wote.

"Hasemi vita," nilisema. Sauti haikutoka. Nikarudia.

"Haka nako kametoka wapi?" Amisse akasema. "Siku hizi mikutano inaendeshwa na vifaranga?"

"Mwache," Mzee Shabani akasema. "Sema, mwanangu."

"Ni vida. Kwa d. Vida kwa Kireno ni uhai. Anatafuta kama kuna viumbe wengine huko kwenye nyota. Aliliandika mchangani, nikalisoma."

"Mchanga wenyewe uko wapi?" Amisse akauliza. "Ulete hapa tuusome."

Mtu mmoja akacheka kwa dharau. Mchanga ulikuwa umefutwa, na hata kama usingefutwa, wengi mle walisoma Kiarabu tu, herufi za Kireno kwao zilikuwa alama za miguu ya kaa. Machozi yakanijaa. Nilimtazama Profesori, naye akanitazama kama mtoto anayengoja kuambiwa amekosea wapi. Ndipo nikaona njia, na ilikuwa njia ya kipuuzi kiasi kwamba nilitamani ardhi ipasuke.

"Mzee, msalimie," nilisema. "Msalimie ile ya asubuhi."

"Alasiri hii?"

"Msalimie tu, Mzee."

Mzee Shabani akakohoa, akaiweka sawa kofia yake. "Bom dia, profesori."

Profesori akalitazama jua la alasiri mlangoni. Lakini adabu ni adabu. Akasimama wima, akainamisha kichwa. "Pom tia, senyori chefe," akasema.

Kisha mtu mmoja wa nyuma akatoa hewa puani. Mwanamke mmoja mlangoni akajitia kanga mdomoni. Kisha ghala lote likashikwa, kicheko cha watu waliokatazwa kucheka, mikono midomoni, kofia usoni, machozi yakiwatoka, nyavu zikitikisika na magamba yakitumwagikia. Walielewa wote kwa pamoja. Anayesema tia badala ya dia, vita vyake ni vida. Hata Amisse aligeukia ukuta, na niliuona mgongo wake ukiruka. "Haya," Bibi akasema akijifuta macho, "mkitaka kumwua kwa vita, mwueni na kwa pom tia." Profesori peke yake hakucheka. Alikuwa ameketi chini mchangani, akijipangusa magamba kichwani.

Mzee Shabani ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Akaniita karibu. "Huo uhai anaoutafuta," akaniuliza, "anauita au anausikiliza?"

"Anasikiliza tu, Mzee."

"Hapigi hodi?"

"Hapigi. Hiyo redio haiwezi."

Akafikiri. "Anayesikiliza hana kosa," akasema, "hata sisi hapa kazi yetu ni hiyo. Lakini anayepiga hodi kwa watu asiowajua, na sisi tumo ndani..." Kisha akatoa hukumu: Profesori abaki, redio yake abaki nayo, ila ule waya unameta juani na mtu wa mbali anaweza kuuona. Uteremshwe.

Amisse mwenyewe ndiye aliyepanda minazi akauteremsha. Wakaukata vipande kufungia madema yao ya kutegea samaki. Redio ikabaki na shiii tupu. Ile stesheni ya Tanzania haikuibuka tena hata kwa neno moja. Nilimwokoa mtu, na kwa hukumu hiyo hiyo nikanyang'anywa saa ya salamu, na kwa siku kadhaa, nakiri, nilimchukia kila aliyecheka mle ghalani, pamoja na aliyechekwa. Profesori alijaribu kila namna. Aliishika redio kwa mikono yote miwili, akaigeuza huku na huku, akaingia baharini hadi magotini ameinua ile redio juu ya kichwa, kila alasiri, saa ile ile. Watu wakamtazama wakatikisa vichwa. Alipochoka alikuja kukaa karibu nami, akaniomba nimfundishe d. Basi tukakaa, mimi na mtu mzima, tukisema vida, vida, juu ya ile kelele ya kukaanga. Alikaza ulimi hadi jasho likamtoka. Zilitoka vinta, zikatoka viza, ikatoka vinda moja nzuri tu ambayo aliifurahia kama vile ndiyo yenyewe. Nikamwambia imekaribia.

Boti zilipokuja kuwachukua watumishi wa serikali kwenda Pemba aliambiwa apande. Nilikuwa ufukoni na wengine. Kupiga kelele kulikuwa bado marufuku, kwa hiyo hatukumwita. Yeye alisimama nyuma ya boti, mdomo wake ukasema kitu, lakini injini ilikuwa kubwa. Sijui yuko wapi leo. Nimewahi kuuliza kwa watu wa elimu wa wilaya, wakaniambia watu waliohamishwa ni wengi na maprofesori wanaoitwa Anselmo nao ni wengi.

Sisi tulibaki mpaka mambo yalipopoa, tukaletwa huku bara mjini Palma, na baba na mama wakavuka mto wakatukuta. Siku za mwanzo zile, mama alipokuwa bado ananigusa uso kila akipita, nilimwuliza: mlipokuwa Mtwara, mlitutumia salamu redioni? Alinishangaa. "Tungewatumia nyinyi wapi?" akasema. "Sisi tulikuwa tunasikiliza. Kila alasiri, baba yako na mimi, tulisema labda mtapata njia, labda mtatajwa." Pande zote mbili za bahari ile tulikuwa tumekaa na masikio, na hakuna aliyekuwa na mdomo.

Sasa niko darasa la kumi. Juzi profesori wetu mpya wa fizikia, kijana wa mjini, alitufundisha habari hizi hizi za kutafuta viumbe wenye akili kwenye nyota nyingine, na darasa likachangamka. "Waje tu," mmoja akapaza sauti, "tuwauzie pweza!" Mwingine akasema watakwama kwenye vizuizi vya barabarani, wataulizwa kitambulisho na hawana. Kila mtu alicheka kwa sauti, na hakuna aliyejiziba mdomo. Palma siku hizi ina kelele: majenereta, pikipiki, muziki wa harusi mpaka usiku, majogoo wa kila rangi. Rede ipo. Watoto wadogo wana simu na wanajirekodi wakicheza. Bado kuna barabara tusizopita na mashamba tusiyolima, na bado baba akichelewa kurudi Bibi anakaa kizingitini mpaka amwone, lakini mtu akitaka kupiga kelele anapiga. Nilidhani tukifika hapa kufungika kutaisha. Kumeisha kwa nje. Ndani ya nyumba yetu kisiwa hakitajwi. Mama haniulizi, nadhani kwa kuogopa atakachosikia; mimi simwambii, kwa kuwa sijaulizwa na kwa kuwa ndivyo nilivyo. Tunalala chumba kimoja. Namsikia anavyopumua na najua kwamba hajalala, na nadhani yeye naye ananisikia. Zamani nilikuwa na bahari nzima ya kuilaumu. Sasa kuna upana wa mkeka.

Jana alasiri alikuwa amekaa uani, anachambua mchele kwenye ungo, mdogo wangu kaenda chuoni. Nilikuwa nafua. Nikaiacha nguo majini.

"Mama," nikasema. "Kule kisiwani..."

Nikakwama pale pale, kama darasani. Mkono wake ukasimama juu ya mchele. Hakuinua uso. Akaiokota chuya moja, akaitupa, akangoja.

"Enhe?" akasema.